Lenzi au flashi? Mwongozo kamili wa kuchagua kifaa cha kupigia picha za watu ndani ya nyumba

Kamera ileile inayotoa picha safi juani huanza kusumbua ukishaingia nayo ndani. Nyuso zinatikisika, ngozi inageuka njano, vivuli vinajaa chengachenga. Hapo ndipo mtu huanza kuuliza: ninunue lenzi nyingine au ninunue flashi?

Vifaa hivi viwili havifanyi kazi moja. Lenzi yenye tundu kubwa hukusanya mwanga uliomo chumbani kwa wingi zaidi, lakini haiubadilishi. Taa ikiwa juu ya utosi wa mtu, itabaki juu ya utosi wake hata ukiwa na lenzi ghali kuliko zote dukani. Flashi huleta mwanga mpya, nawe ndiye unayeamua utokee upande gani. Kwa hiyo mimi huanzia hapa: mwanga ukiwa mzuri ila mchache, tafuta lenzi, ukiwa mbaya, hata kama ni mwingi, tafuta flashi. Kazi iliyobaki ni kujua shida yako ni ipi, na hiyo hujulikana kwa kupima kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya kwanza: chunguza picha zilizokuharibikia

Fungua picha za ndani ulizokwisha kupiga, hasa zile mbaya. Kila faili huhifadhi kasi ya shata (sehemu ya sekunde ambayo kamera hupokea mwanga, kama 1/60), namba ya f (ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi). Ukifungua maelezo ya picha kwenye kompyuta au simu utaviona. Pitia nyingi mpaka uone kasoro inayojirudia.

Kama kila kitu kimetikisika, ukuta pamoja na mtu, mkono wako ndio uliocheza. Kama ukuta umetulia na mtu ndiye aliyefifia, mtu alisogea na shata ilikuwa ya polepole mno. Tofauti hii ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, maana lenzi nyingi hutangazwa kwa sifa ya kutuliza mtikisiko. Kitulizaji hicho huzuia mtikisiko wa mkono wako tu. Mtoto akigeuza kichwa hakina la kufanya. Anayepiga picha za watu asinunue lenzi kwa ajili ya sifa hiyo peke yake.

Macho yakiwa yamezama kwenye vivuli vyeusi, pua nayo ikiwa na kivuli kinachoshukia mdomoni, mwanga unatoka juu moja kwa moja. Shavu moja likiwa la chungwa na jingine la kijani au la bluu, taa za aina tofauti zimechanganyika, au taa imepambana na dirisha. Kasoro hizi lenzi haiziondoi. Lakini ukiona rangi ni nzuri, vivuli ni laini, na kosa pekee ni chengachenga za ISO 6400 au shata ya 1/20, lenzi yenye tundu kubwa inaweza kumaliza kesi.

Hatua ya pili: hesabu mwanga ulionao

Kwanza amua kasi unayoihitaji. Mtu aliyeketi kimya akikutazama hutoka vizuri kwa 1/60. Mtu anayeongea na kucheka anataka 1/125. Watoto wanaocheza na watu wanaotembea wanataka 1/250, na wanaocheza dansi 1/500 ikiwa huna flashi.

Sasa ingia kwenye chumba unachopigia mara nyingi, saa ileile unayopigia, taa zikiwa kama zinavyokuwa siku zote. Weka ISO 1600, vuta lenzi yako ya 18-55mm, ile ya zumu inayouzwa pamoja na kamera nyingi, mpaka 55, ambako tundu lake haliwezi kuzidi f/5.6, kisha iache kamera ichague kasi ya shata. Mpige picha mtu aliyesimama pale watu wanaposimama. Usielekeze kamera kwenye taa.

Tuseme umepata 1/30, kiasi cha kawaida kwa sebule yenye taa usiku. Kila hatua kwenye mfululizo wa f/5.6, f/4, f/2.8, f/2 na f/1.4 huongeza mwanga mara mbili. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni hatua mbili, yaani mwanga mara nne, na 1/30 inakuwa 1/125. Ukifika f/1.8 umepata hatua tatu na theluthi, karibu mara kumi, na kasi inakaribia 1/300. Picha iliyokuwa haiwezekani imewezekana kwa lenzi ndogo isiyo na zumu.

Kama kipimo chako kilikuwa 1/4, hesabu inakuwa nyingine. Hata kwa f/1.8 utafika 1/40 tu, na ukipandisha ISO hadi 3200 utapata 1/80. Hiyo inamtosha aliyetulia, haimtoshi anayecheka. Katika chumba cha namna hiyo lenzi inakuongezea nafasi kidogo tu, na kifaa unachokihitaji ni flashi.

Jambo moja kuhusu ngozi nyeusi, kwa sababu miongozo mingi hulipita. Picha ikitoka na giza kisha ukaipandisha mwanga kwenye kompyuta, chengachenga huibukia sehemu zenye giza, na uso mweusi mbele ya ukuta mweupe ndio unaoumia kwanza, kwani kamera hudanganywa na weupe wa ukuta ikapunguza mwanga. Ni afadhali ISO 3200 yenye mwanga wa kutosha usoni kuliko ISO 800 iliyopandishwa baadaye. Tazama uso kwenye skrini, ukuta uache uwe mweupe.

Hatua ya tatu: pima chumba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu husikia kwamba 85mm ni lenzi ya sura, akainunua, kisha anagundua mgongo wake umegota ukutani na kwenye picha bado anaona kifua na kichwa tu.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua urefu wa kitu unachotaka kiingie kwenye picha, zidisha kwa urefu wa fokasi, gawanya kwa upande unaohusika wa sensa, yaani kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa ya APS-C, iliyomo kwenye kamera nyingi za kuanzia, ina takriban milimita 23.5 kwa 15.6 (Canon ni ndogo kidogo). Sensa ya fulfremu ina 36 kwa 24. Mtu mzima aliyesimama, ukimwachia nafasi juu na chini, anataka kama mita 2 za picha iliyosimama wima. Kwenye APS-C, lenzi ya 50mm inakutaka usimame mita 4.25 kutoka kwake. 35mm inataka mita 3. 24mm mita 2. Ile 85mm inataka zaidi ya mita 7. Kwenye fulfremu, 50mm inataka mita 2.8 na 85mm mita 4.7.

Kundi lililopanga mstari wa mita 4 kwa upana, ukitumia 35mm kwenye APS-C, linataka urudi nyuma karibu mita 6. Vyumba vingi vya kuishi havina nafasi hiyo, kwa hiyo picha za makundi utaendelea kuzipiga kwa upande mpana wa lenzi yako ya zamani. Usiiuze.

Kurudi nyuma kuna faida nyingine. Ukimsogelea mtu sana kwa lenzi pana, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Umbali ndio unaofanya hivyo. Kwa picha ya kichwa na mabega, jitahidi usiwe karibu kuliko mita moja na nusu. Na katika picha ya kundi kwa lenzi pana, usiwaweke watu kwenye kingo kabisa, kwa sababu vichwa vyao vitavutwa upande.

Kabla ya kununua, fanya jaribio lisilo na gharama: bandika kipande cha utepe kwenye pete ya zumu ikiwa kwenye 35, upige shughuli nzima bila kuibandua. Mara nyingine fanya hivyo kwenye 50. Utajua kwa miguu yako ni ipi inayokaa kwenye vyumba vyako.

Hatua ya nne: kama jibu ni lenzi

Kwa mwenye kamera ya APS-C anayepiga nyumbani, pendekezo langu ni 35mm f/1.8 au iliyo karibu nayo. 50mm f/1.8 huwa ndiyo nafuu na ndiyo inayosifiwa zaidi, na kwa sura ni nzuri mno, lakini kwenye sensa hii inabana kama 75mm au 80mm ya fulfremu. Mwenye fulfremu aanze na 50mm, kisha aamue kati ya 35mm na 85mm kulingana na ukubwa wa vyumba vyake.

Usitamani f/1.4 kwa sababu ya namba. Kati ya f/1.8 na f/1.4 kuna theluthi mbili tu za hatua, ilhali uzito na bei hupanda sana. Zaidi ya hayo, tundu likifunguka hivyo kina cha fokasi kinakuwa chembamba. Kwa 50mm f/1.8 kwenye APS-C, ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, una kama sentimita 6 zilizo kwenye fokasi. Jicho la karibu linakuwa safi na sikio limefifia. Mtu akiegemea mbele kidogo, hata jicho linapotea. Watu wawili waliosimama bega kwa bega, uso mmoja ukiwa nyuma kidogo ya mwingine, wanataka f/2.8 au f/4. Safu mbili za watu zinataka f/4 hadi f/5.6. Maana yake, lenzi ya f/1.8 uliyoinunua kwa ajili ya mwanga hutaitumia kwa f/1.8 kwenye picha za kundi, na pale unarudi kwenye giza lilelile. Wapiga picha wa shughuli hubeba flashi hata wakiwa na lenzi za bei kubwa, na sababu yao kubwa ni hiyo.

Zumu za f/2.8 (17-50 au 17-55 kwa APS-C, 24-70 kwa fulfremu) zinamfaa asiyeweza kuchagua mahali pa kusimama. Zinakupa hatua mbili juu ya f/5.6 na upana wa kutosha kwa makundi. Ni nzito, na kwa chumba chenye giza hazifikii lenzi isiyo na zumu. Kama unapiga familia yako tu, sioni haja ya kuanza nazo.

Hakikisha lenzi inaelewana na kamera. Mfano unaowapata wengi: lenzi za Nikon za aina ya AF-D, kama 50mm f/1.8D, hazina mota ndani. Ukizifunga kwenye kamera kama D3500 au D5600, ambazo nazo hazina mota, itakubidi uzungushe fokasi kwa mkono. Toleo la f/1.8G lina mota yake.

Hatua ya tano: kama jibu ni flashi

Flashi iliyojengwa ndani ya kamera isikukatishe tamaa na flashi zote. Ile imekaa karibu na lenzi, ni ndogo, na inatazama mbele tu. Inaufanya uso uwe bapa, inaing'arisha ngozi kwenye paji, inatupa kivuli kikali ukutani na kuleta macho mekundu. Tatizo lake ni mahali ilipo na udogo wake.

Unachotafuta ni flashi ya kupachika juu ya kamera, yenye kichwa kinachoinuka na kuzunguka pande zote. Sifa hii ndiyo ya kwanza, kabla ya nguvu na kabla ya jina la kampuni. Kichwa kinachoinuka bila kuzunguka kitakukwamisha mara tu utakapogeuza kamera wima, kwa sababu kitakuwa kinatazama ukuta wa pembeni badala ya dari.

Ya pili ni nguvu, nayo huandikwa kwa namba ya mwongozo. Ukiigawa kwa umbali wa mita unapata namba ya f ya kutumia kwa ISO 100. Kuwa mwangalifu: kampuni nyingi huandika namba iliyopimwa kichwa kikiwa kimekazwa kwenye zumu ya mwisho, mwanga ukiwa mwembamba kama wa tochi. Flashi ya "60" kwenye 200mm inaweza kuwa na 36 hivi kwenye 35mm. Linganisha kwa zumu moja.

Je, 36 inatosha kudundisha mwanga darini? Tuhesabu. Kwa ISO 800, namba ya mwongozo huongezeka kama mara 2.8, kwa hiyo 36 inakuwa 100. Dari likiwa la kawaida na mtu akiwa mita 3 mbele, mwanga unasafiri takriban mita 4 kwenda juu na kushuka. Mia gawanya kwa nne ni f/25. Dari hunywa na kutawanya mwanga, kwa hiyo toa hatua tatu: unabaki na f/9. Wewe unapiga kwa f/4, yaani unahitaji karibu robo tu ya nguvu. Inatosha, na betri inapumua. Kwenye ukumbi wenye dari la mita 7 hesabu hii inaanguka.

Ya tatu ni mawasiliano. TTL, mfumo unaoifanya kamera ipime na kuamua nguvu ya flashi, hufanya kazi flashi ikiwa imetengenezwa kwa chapa ya kamera yako. Flashi isiyo na TTL ni nafuu na inafaa ikiwa umbali haubadilikibadiliki. Kwa mtu anayezunguka kati ya wageni, TTL inaokoa picha nyingi. Angalia pia kiatu cha kamera, yaani pale juu flashi inapopachikwa. Canon EOS 2000D na 4000D hazina pini ya katikati, na flashi za kawaida zinazotegemea pini hiyo pekee hazitawaka juu yake. Flashi za zamani za enzi ya filamu ziogope zaidi: baadhi hupitisha volti zaidi ya mia kwenye kiatu, na zinaweza kuua kamera ya dijitali.

Kama flashi inatumia betri nne za AA, nunua za NiMH zinazochajiwa. Hurudisha nguvu haraka kuliko alkalini.

Hatua ya sita: jaribu flashi kwa mpangilio huu

Weka kamera kwenye M, ambapo unachagua kila kitu mwenyewe: f/4, 1/125, ISO 800. Flashi kwenye TTL. Inua kichwa kitazame dari, kisha kirudishe nyuma kidogo, kana kwamba unalenga pale dari linapokutana na ukuta ulio nyuma ya bega lako. Mwanga ukitoka juu kabisa ya mtu utaleta tena yale macho yenye mashimo. Ukitoka nyuma yako au pembeni unaufunika uso kwa ulaini, na ngozi nyeusi inapata mng'ao mpana badala ya doa jeupe. Ukuta wa upande mmoja mara nyingi hutoa picha nzuri kuliko dari, maana unaacha kivuli laini kwenye shavu la pili na uso unapata umbo.

Dundisha kwenye vitu vyeupe tu. Dari la mbao litakupa ngozi ya chungwa, ukuta wa kijani utampaka mtu kijani.

Sasa tazama mandhari ya nyuma. Ikiwa nyeusi kama pango, shusha shata hadi 1/60 bila kugusa kitu kingine. Mwanga wa taa za chumba utaongezeka, ule wa flashi hautabadilika, kwa sababu mwako wake ni mfupi kuliko shata yoyote ya kawaida. Kwa robo ya nguvu huwa mfupi kuliko 1/1000 ya sekunde. Ndiyo maana flashi humgandisha mcheza dansi hata kwa 1/125, mradi taa za chumba si kali. Juu kuna mpaka: kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kupita 1/200 au 1/250. Ukizidisha, sehemu ya picha itakuwa nyeusi.

Rangi nayo inataka dakika moja. Mwanga wa flashi uko karibu na Kelvini 5500, balbu za joto ziko 2700 hadi 3000. Mtu atakuwa na rangi sahihi na nyuma yake kutakuwa na chungwa. Ukiona inakera, bandika plastiki angavu ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, kisha weka mpangilio wa rangi wa kamera (white balance) kwenye alama ya balbu.

Wasiotumia flashi nao wana mtego wao. Taa nyingi za LED na za mirija hupepesa mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Ukiona mistari myeusi inayokatiza picha, rudi 1/100 kama umeme wa kwenu ni wa Hz 50, au 1/125 kama ni wa Hz 60.

Nani aanze na kipi

Mzazi anayepiga mtoto mchanga, au yeyote anayependa hali ya chumba ibaki kama ilivyo, aanze na lenzi. Vivyo hivyo kwa anayepiga mahali ambapo flashi imekatazwa au inawasumbua watu. Anayepiga sherehe, makundi, dansi, au vyumba vyenye taa mbovu, aanze na flashi inayozunguka kichwa, hata kama atabaki na lenzi yake ya 18-55mm. Lenzi hiyo pamoja na flashi iliyodundishwa hutoa picha safi za kundi ambazo f/1.4 haiwezi kuzitoa. Kwa mtu asiye na uhakika, mwenye dari jeupe nyumbani, mimi ningemwambia flashi.

Ukinunua kitu kilichotumika, beba kamera na betri zako. Flashi: fungua mlango wa betri utafute ukoko wa kijani au mweupe, ipige kwa nguvu zote mara kumi mfululizo, usikilize kama muda wa kurudisha chaji unazidi kurefuka kupita kiasi, kisha zungusha kichwa kila upande huku ukiiwasha, maana nyaya za shingoni hukatika. Lenzi: imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma utafute utando wa kuvu, tazama kama mabawa ya tundu yana mafuta, halafu mpige picha muuzaji mwenyewe kwa f ndogo kuliko zote, ukilenga jicho. Kuza picha kwenye skrini. Fokasi ikiangukia sikioni kila mara ukiwa na kamera yenye kioo ndani (DSLR), jaribu tena kupitia skrini ya nyuma. Ikiwa sawa huko, lenzi na kamera vinahitaji kurekebishwa, na bei ishuke kwa kiasi hicho.